Kisanduku Nilichomwahidi Baba Mdogo

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo naionea aibu. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Didia kwa likizo kutoka nchi ya mbali nilikokuwa nasomea shahada ya uzamivu. Watu walitoka kanisani wakaja kukaa uani kwa baba mdogo Masanja, mdogo wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea. Nikafungua kompyuta, nikawaonyesha picha ya kisanduku.

Wewe unavijua visanduku hivyo, maana ndiyo kazi uliyoichagua. Wao nikawaeleza hivi: vinasaba, ile DNA mnayoisikia, ni kama uzi. Tunachukua uzi mmoja mrefu, tunaukunja kwa vipande vifupi vinavyoushika hapa na pale, hadi unakuwa kisanduku. Elfu moja ukivipanga mstari havifikii upana wa unywele. Dawa inakaa ndani, kifuniko kinafungwa, na hakifunguki mpaka kikutane na seli vilimojificha vijidudu vya kifua kikuu. Tumbo halisumbuki, ini halichoki.

Baba mdogo alisikiliza kuliko wote. Ujana wake alichimba dhahabu Bugarama, kisha miaka mingi akasaga mawe kwenye karasha kule Geita, na vumbi lilimmaliza kifua. Alikuwa ameanza dozi ya kifua kikuu mwezi uliopita, na vidonge vilimtapisha kila siku.

“Mayu,” akasema. Aliniita hivyo, mama kwa Kisukuma, kwa sababu nina jina la mama yake. “Hicho chako kitakuwa tayari lini?”

Jibu la kweli lilikuwa moja: sijui. Kisanduku changu kilikuwa hakijawahi kuguswa hata na tone la damu. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mimi, Mungu anisamehe, niliyafurahia.

“Mwaka huu huu, baba mdogo.”

Wanawake wakapiga vigelegele. Mkewe, Mama Doto, akanishika mkono akalia.

Nilirudi maabara nikiwa nimevimba kichwa. Wiki chache baadaye nikavitia visanduku vyangu kwenye majimaji ya damu. Katika maji ya chumvi ya maabara vilikuwa vinasimama vizuri. Kwenye damu havikumaliza hata siku. Nilipoangalia picha ya hadubini niliona nyuzi zilizofumuka. Mwalimu wangu hakushtuka, akasema sasa ndiyo kazi inaanza, itachukua miaka. Nilijua ni nani anayesubiri.

Sasa sikia kosa langu lenyewe. Kule uani nilijisifu, na kujisifu ni ujinga wa ujana. Kibaya zaidi ni kwamba nilipojua ukweli nilinyamaza. Mama Doto akiniandikia, “Baba yako anauliza,” nilikuwa namjibu, “Bado kidogo.” Nikifunga simu nakaa naitazama, nasema kesho nitaeleza. Kesho ikawa miezi minne. Na bado sikusema.

Kisha Doto, binti yao, akanipigia asubuhi nikiwa njiani kwenda darasani. “Dada Kabula, baba anatapika damu. Tena tumegundua dawa alikuwa hamezi. Anaziweka chini ya ulimi, akitoka anazitema nyuma ya zizi. Tangu ulipoondoka.”

Sikumbuki nilivyofunga begi. Safari nzima nilikuwa nahesabu: vidonge vya miezi mingapi vimetemwa kwa ajili ya neno langu? Nikamkuta hospitali, amekonda hadi sikumjua. Vijidudu vilikuwa vimeshakuwa sugu, dawa za kawaida haviziogopi tena.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mayu.” Akatabasamu kwa shida. “Nilisema tumbo nilipumzishe, maana chako kinakuja. Umekuja nacho?”

Mwanangu, nimesimama mbele ya maprofesa wengi, lakini sijawahi kuogopa swali kama lile.

“Hakifanyi kazi,” nikamwambia. “Kwenye damu kinafumuka. Nimejua siku nyingi.”

Akageuza uso ukutani. Aliyejibu ni Mama Doto, taratibu, bila kupaza sauti.

“Kila nilipokuuliza uliniandikia bado kidogo. Kabula, ungeandika bado, ukaishia hapo, mume wangu angemeza vidonge vyake. Hiyo ‘kidogo’ yako ndiyo iliyomlaza hapa.”

Nilipiga magoti hapo hapo sakafuni, naye hakuniinua.

Baba mdogo alichomwa sindano kila siku kwa miezi mingi. Alipona kifua, tukamshukuru Mungu. Lakini zile sindano kali za wakati ule zilimharibu masikio, akawa kiziwi. Alinisamehe kabla sijamaliza kuomba. Aliishi miaka kumi mingine, analima viazi vyake, na nikienda kumsalimia aliweka kiganja kwenye koo langu apate kuhisi ninaongea. Visanduku nimevifanyia kazi tangu hapo. Sasa tunavivika kitu kama ngozi, vinavumilia damu, na kwenye panya vinafika tunakotaka. Kwa binadamu bado.

Basi nakuomba jambo moja. Chora kisanduku chako kwa ujasiri wote, lakini ukifungua mdomo mbele ya mgonjwa, mwambie kilipofikia leo, hata kama leo ni aibu. Mwambie kwa kinywa chako kwamba dawa aliyonayo mkononi ndiyo dawa, aimeze. Na siku kazi ikikuharibikia, mpigie simu aliyekutegemea kabla hujampigia mwalimu wako. Hofu ya kusema huwa inakua kila siku unayochelewa, na anayeilipia ni mtu mwingine.

Mungu akupe mikono mitulivu na ulimi usiokimbilia sifa. Akujalie uone siku kazi yako inaingia mwilini mwa mtu na mtu huyo anainuka, nawe ulale usingizi mzuri.