Bi Somoe na Minana wa Mkwajuni

Siku tuliyofika Mtoni kutafuta chumba, mie nilikuwa na mimba ya Felicitas, na mume wangu Albano alikuwa amebeba kichwani sanduku lake la randa na misumeno. Bi Somoe alikuwa kakaa barazani anasuka ukili. Hata uso hakuinua.

"Kabila gani nyie?"

"Wangoni, mama. Tumetoka Songea. Shikamoo."

Basi yule bibi akautupa ukili, akaruka wima kama aliyekalia siafu. "Wangoni! Watani zangu! Mmemkimbia Mzulu miaka yote hiyo, leo mmechoka mmeishia mlangoni kwangu!" Akamvua Albano kofia, akaivaa yeye.

Nikajua tunafukuzwa. Kumbe Albano anacheka mpaka sanduku linataka kumwanguka. Akalitua, akapita ndani kwa Bi Somoe bila hodi, akatoka na sahani ya muhogo wa nazi na kuula wote palepale kizingitini.

"Nyie Wazaramo," akasema mdomo umejaa, "shamba mnauza ili mkacheze ngoma. Muhogo huu mmeuiba wapi?"

Chumba tukapata. Kofia hatukuiona tena kichwani kwa Albano.

Utani wa Mzaramo na Mngoni ndivyo ulivyo. Mtani anaweza kukutukana, anaweza kukunyang'anya, na ukikasirika wewe ndiye unayeaibika. Mie nilikulia misheni kwa masista, nilizoea kusikia utani kwa mbali tu. Kwa Bi Somoe niliuona ukipikwa na kupakuliwa kila siku.

Alikuwa mjane, mrefu, mwembamba, na mikono yake haikujua kukaa bure. Mungu hakumjaalia mtoto. Alichokuwa nacho ni mikeka yake na mkwaju mbele ya nyumba, na katika mkwaju ule, kila masika, minana. Ni vile vindege vya manjano vinavyoning'iniza viota kwenye ncha za matawi. Bi Somoe alikuwa akizipaka chane za ukindu rangi, nyekundu na zambarau, akizianika kambani. Minana madume wakamwibia. Ukiinua macho mkwajuni unaona viota vya kijani vyenye mistari myekundu, kama vikapu vya harusi.

"Hawa ni mafundi wenzangu," alinambia siku moja, nikiwa nanyonyesha pembeni yake. "Mwangalie yule. Mume anasuka, mke anakuja kukagua. Mke akiona kazi mbovu, anaibomoa, mume anaanza upya." Akageukia mlangoni kwetu, akapaza sauti. "We Albano! Mkeo angekuwa mnana, kwa kile kitanda ulichomtengenezea ungelala nje mpaka leo!"

"Kitanda kizima!" Albano akajibu toka ndani. "Kinalia kwa sababu kinaogopa sauti yako!"

Adui wa minana alikuwa kunguru. Simsemi yule wetu wa zamani mwenye kifua cheupe, ambaye siku hizi humuoni tena. Namsema huyu mwenye shingo ya kijivu, ambaye wazee wanasema aliletwa Unguja na wakubwa wa kikoloni ale takataka, akazimaliza, akavuka maji kutufuata. Nyumba yetu alikuwa ameizingira. Anaiba sabuni, anaiba dagaa juani, na minana wakishatotoa tu, anakuja, anapasua kiota, anakula makinda moja moja huku wazazi wanalia. Mwaka uliotangulia hakuna kinda hata moja lililoruka. Bi Somoe aliacha kusuka siku nyingi, akawa anakaa tu.

Masika yale, mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwishehe, akaitisha mkutano. Tunajenga duka la ushirika, akasema, na mahali panapofaa ni hapo penye mkwaju. Mti ukatwe.

Bi Somoe akasimama. Nilimwona vidole vinasuka kitu ambacho hakipo.

"Ndugu balozi, Azimio limesema nini? Kila mtu ale jasho lake. Mnana anasuka, analea, hamsumbui mtu. Kunguru je? Anakaa juu ya bati anangoja wenzake wamalize kazi, kisha anakula watoto wao. Huyo si mnyonyaji? Huyo si kupe? Tumemwondoa Mwingereza, ndege wake tunamwachia nyumba?"

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mzee Mwishehe akakuna kidevu. Alikuwa mtu mwema, ila aliogopa kuonekana hajui Azimio.

"Haya. Nakupa masika haya. Fanya kazi ya kujitolea na yeyote anayetaka, ondoeni kunguru. Makinda yakiruka, duka tutalijenga kule jalalani. Yasiporuka, mti chini."

Ndipo tukaanza vita. Wanawake tulifukia takataka na kufunika madebe ya maji. Magugu yaliyotambaa shinani tukayafyeka, maana panya walijificha humo, na wao pia walikuwa wakipanda kula mayai. Viota vya kunguru vilikuwa juu kabisa, kwenye minazi. Kupanda akapanda Albano, kwa ngazi yake ya useremala na kamba kiunoni.

Siku ya kwanza alishusha viota akishangiliwa kama mpiga penalti. Mle ndani tulikuta waya, kijiko, mguu wa miwani, na sabuni! Vipande vya sabuni ambavyo wapangaji tulishashutumiana hadi watu wawili hawasalimiani. Wakakumbatiana palepale, wanalia na kucheka, kila mmoja anadai kipande kikubwa ni chake.

Tatizo likaja kesho yake. Kunguru hasahau sura. Albano alipotoka kwenda kazini Keko, walikuwa wamejipanga juu ya bati wanamngoja. Mmoja akatoa sauti, wote wakamshukia, wanamdonoa kichwa! Akarudi mbio, akatoka na sufuria kichwani. Wakaigonga sufuria, nge nge nge, mpaka kituo cha basi. Watu wengine wanapita, hawaguswi. Ni yeye tu.

"Mngoni kakimbia vita!" Bi Somoe akaita nyuma yake, kicheko kimempinda mgongo. Jioni akamletea dawa. Dawa yenyewe ilikuwa baibui lake.

"Vaa hili, ndipo upande minazi. Hawatakujua."

"Mama, mie mwanamume."

"Nani kakwambia kunguru anajali?"

Nawaambia, niliuma kanga nisipige kelele. Mume wangu, mwenye miguu kama mbao za mninga, kajifunga baibui jeusi, macho tu nje, anapanda mnazi anakanyaga pindo, anamwita Bikira Maria. Felicitas mgongoni kwangu akawa anacheka bila kujua anacheka nini. Na dawa ikafanya kazi! Kunguru walizunguka wanatafutana. Albano akashusha kila kiota, mnazi hadi mnazi. Jua lilipozama, Mtoni kwetu palikuwa kimya kama kanisani.

Hakuna aliyefikiria kwamba kunguru wanafikiri. Walishajua sasa: adui ni mwenye baibui.

Ijumaa iliyofuata, Bi Tabu, mke wa balozi, alitoka kwenda harusini. Kajitanda baibui jipya, kafukiza udi, kabeba kichwani sinia la vitumbua. Hakuvuka hata nyumba tatu. Weusi ule wa kunguru ulishuka juu yake! Sinia kule, vitumbua kule, kiatu kimoja kimebaki njiani. Yule mama mzito, ambaye hatukuwahi kumuona hata akiharakisha, alipita mbele yangu kama treni ya bara, akaingia chumba asichokijua, akajifungia. Ikawa hakuna mwanamke anayethubutu kutoka na baibui. Wa kwenda msibani, wa kwenda sokoni, wanachungulia mlangoni kwanza kama wezi.

Mzee Mwishehe alikuja kwa hatua kubwa. Siku hiyo hapakuwa na ndugu wala nini.

"Somoe! Mke wangu ameaibika mbele ya mtaa mzima! Makubaliano yamekufa. Jumapili tunakata mti!"

"Balozi, minana wametotoa juzi. Sikiliza, utasikia makinda yanalia."

"Jumapili."

Bi Somoe akageuka. Aliingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akafunga mlango wake mchana. Nilimgongea na uji. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama Feli mwanangu, na mwaka huu tena?" Mlango akaufungua. Nilimwekea mtoto mapajani nikaondoka. Nilipomweleza Albano, alikaa anakwaruza penseli yake ya useremala kwa kucha. Kisha akatabasamu vibaya.

Jumapili balozi na watu wake wakaja na majembe na mashoka. Walichimba kwanza kuzunguka shina wafikie mizizi, shimo likawa refu kiasi cha mtu kulala. Juu yao minana wanalia, wanapita na wadudu midomoni kana kwamba hakuna kitu. Bi Somoe alisimama barazani kashika nguzo. Mzee Mwishehe akasema, "Leteni shoka."

Albano akatoka chumbani kajipaka majivu uso mzima, kavaa kanga yangu kichwani, analia kwa sauti kubwa.

"Uwiii! Mtani wangu mkwaju! Umeniacha na nani!"

Akajitupa shimoni, akalala chali, akafumba macho, mikono kifuani.

Watu wakaganda. Kisha mmoja akaguna, mwingine akaziba mdomo. Kila mtu pale aliijua desturi: kwenye msiba, mtani huingia kaburini akalala, na maiti hazikwi mpaka apewe anachotaka. Humpigi wala humvuti. Na Mzee Mwishehe, pamoja na ubalozi wake, alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mtani wa Mngoni kwa damu.

"Toka humo, Albano. Hii ni kazi ya taifa."

"Maiti haongei na balozi."

"Mbona unaongea?"

"Nimefufuka kidogo, nina madai."

Kicheko kikapasuka. Mtu mmoja akaacha jembe, akakaa chini kushika mbavu. Mzee Mwishehe alijitahidi kununa. Niliona shavu linacheza, linacheza, akageuka asionekane.

"Unataka nini, Mngoni mchafu? Kuku?"

"Sitaki kuku. Nataka makinda yaruke kwanza. Mkikata kabla, nifukieni humuhumu, duka mjenge juu yangu, na kila atakayenunua sukari nitamvuta mguu."

"Na kunguru wakiyala?"

"Nitakata mti mimi mwenyewe, bure."

Hapo kicheko kikapungua. Nilimtazama Bi Somoe. Alikuwa anamtazama balozi bila kupepesa, na nguzo ile ameishika kama mtu anayezama. Mzee Mwishehe akatazama juu, akatazama shimoni, akatazama watu wake.

"Mtani hanyimwi," akasema. "Fukieni hilo shimo. Mtoeni kwanza."

Sasa ikawa lazima tushinde. Nyumba zote kumi zikashika zamu. Alfajiri hadi magharibi, lazima mtu awe chini ya mkwaju na debe na fimbo, na wenye manati wakae pembeni. Kunguru akitua tu, debe linalia, watu wanaimba "Kabwela uhuru, kunguru nenda!" maneno tuliyotunga wenyewe yasiyo na kichwa wala miguu. Mapishi tuliyaleta palepale. Wanaume walichezea bao palepale. Mie nilijifunza kupiga debe kwa mkono mmoja huku ninanyonyesha kwa mwingine, na Felicitas akawa halali mpaka asikie kelele.

Bi Tabu peke yake alikataa zamu. Asubuhi moja akaja kutugombeza, kavaa kanga na viatu vya kubadhi, mkono kiunoni.

"Nyie hamna adabu? Debe, debe, debe! Mume wangu anaota madebe!"

Kabla hatujajibu, kitu cha manjano kilichofifia kikaanguka kutoka juu, pwe, mbele ya miguu yake. Kinda. Lilikuwa limejaribu mabawa mapema. Likajikunja mchangani, mdomo wazi. Na kunguru, ambaye alikuwa kajificha nyuma ya paa, akashuka kama jiwe.

Mie nilikuwa mbali. Bi Somoe alikuwa mbali. Bi Tabu akavua kubadhi.

Sijui nguvu ile aliitoa wapi. Alimpiga yule kunguru angani, pa! manyoya yakatawanyika. "Huyu wa kwetu!" akapiga kelele. "Wa kwetu huyu, mwanaharamu wee! Umekula vitumbua vyangu, na mtoto utamla?" Akaliokota kinda, akalifunika na kanga, machozi na kicheko pamoja. "Somoe, shika. Shika, linanikuna. Mama yangu, linapumua."

Bi Somoe alilipokea kwa viganja viwili. Alilinyanyua juu hadi penye tawi la chini, akangoja. Likatazama huku, likatazama kule. Likaruka. Vibaya, upande upande, lakini lilifika tawini, na mama yake akalifuata. Kisha kutoka kiota kingine likatoka la pili, na la tatu, mkwaju mzima ukawa unatikisika manjano, na sie wote chini tunapiga madebe ambayo hayakuwa tena ya kumfukuza mtu.

Bi Tabu, mguu mmoja peku, alishaanza safari ya kwake, na sauti yake tuliisikia hadi kona ya barabara.

"Mwishehe! Mwishehe wee! Amka ukasafishe jalala!"