Santuri Iliyosimamishwa Rodi Kopany

Miaka hiyo ya sitini, bendi yetu ya Homa Bay ilipiga roki kwa kelele isiyo na haya. Tulikuwa wanne, suruali zimetubana hadi kuketi ni kazi, magita yanakula umeme wa betri ya lori. Tuliimba Kiingereza cha kuokota redioni, nusu yake hatukukielewa, na wasichana wa mjini hawakutudai maelezo. Mimi nilipiga besi. Nilijiona mtu kweli kweli.

Gita la solo alilipiga rafiki yangu kutoka Masara. Baba yake alikuwa fundi wa nyatiti, kile kinubi chetu cha nyuzi nane, na alialikwa kwenye matanga na arusi kotekote. Mzee huyo hakuwahi kumsikiliza mwanawe hata wimbo mmoja ukaisha. "Hiyo ni ubao inapiga kelele," alisema, akaenda zake. Rafiki yangu alicheka mbele ya watu, lakini nilijua neno hilo linamuuma.

Bendi ikaanza kufa. Mpiga ngoma alipata kazi ya ualimu Muhuru Bay. Mwimbaji alikuwa anaoa, na wakwe hawakutaka kuziona suruali zile. Ilibaki santuri moja ya kurekodi Nairobi, nyimbo nne tu. Rafiki yangu akatuambia, "Hii ya mwisho, wacha nipige vile Baba anapiga. Labda atasikia."

Nilikasirika. Sisi watu wa kisasa, turudi kwenye nyatiti? Lakini alipoanza kuzidonoa nyuzi mojamoja, mbiombio, nikajikuta namfuata kwa besi. Mpiga ngoma naye aliacha ngoma zake, akavaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kugonga sanduku, vile wapiga nyatiti hufanya. Tukaimba Dholuo, lugha yetu ya nyumbani. Kwa mara ya kwanza nilielewa nyimbo zetu zote.

Santuri ilipotoka, tulimwalika mzee chai Rodi Kopany siku ya soko, katika hoteli ya Mwislamu mmoja kutoka pwani aliyekuwa na gramafoni. Hatukumwambia mzee ni nani anayepiga. Sindano ikashuka. Mzee akaweka kikombe chini, mguu wake ukaanza kugonga sakafu. Sisi roho juu juu.

Ghafla akasimama. "Simamisha hiyo!"

Rafiki yangu akainamisha kichwa. Mwenye hoteli akainua sindano kwa hofu. Kumbe mzee alitaka pakruok! Kwetu, wimbo ukikukolea unausimamisha, unajisifu mbele ya watu, unamtuza mpigaji, ndipo muziki unaendelea. Ila sikuwahi kuona mtu akiifanyia gramafoni hivyo. Mzee alijisifu kwa ng'ombe, kwa wake zake, kwa ukoo mzima, hoteli yote ikishangilia. Kisha akaweka shilingi juu ya gramafoni. "Endelea!"

Mwenye hoteli hakujua pa kurudisha sindano, akaanzia mwanzo. Mzee akafurahi zaidi, akaanza kujisifu upya.

"Mzee, sasa hii shilingi nimpe nani?" mwenye hoteli akauliza. "Hapa hakuna mpigaji."

"Unafikiri mimi sijui mkono ya mtoto yangu?" Mzee akamnyooshea kidole rafiki yangu. "Mpe huyo."

Rafiki yangu aliipokea kwa mikono miwili.