Mama Mkasi na Ukurasa wa Watu Watatu

Mtaani wanamwita Mama Mkasi. Kwa miaka thelathini ameshona sare za shule katika chumba kimoja chenye mlango wa bati, na kila siku, kabla ya kufunga, hufagia meza ya kukatia mpaka ibaki tupu kama kiganja. Uzi, chaki, vipande vya kitambaa, vyote nje. Meza chafu humkosesha usingizi.

Alipotimiza miaka hamsini na mbili alijiandikisha chuo kikuu, shahada ya biashara, kwa njia ya mtandao.

"Mama, muda utautoa wapi?" mkwewe aliuliza.

"Kati ya kifungo na kifungo."

Somo lililomtoa jasho lilikuwa takwimu. Mhadhiri aliwagawa watatu watatu: kila kikundi kiandike ripoti kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni, kisha mmoja wao aifundishe darasa zima. Alama ni za pamoja; wakishindwa, wote wanarudia somo. Mama Mkasi alipangwa pamoja na nesi na fundi umeme, vijana wanaoandika kama wanaokimbizwa. Yeye hakuwahi kufungua kipaza sauti. Aliwasikiliza, akaandika jumbe fupi, na wao walipoondoka alibaki ukurasani akitia mkono hapa na pale. Alijiona mzigo. Moyoni alikuwa ameshaamua: somo hili likiisha, chuo basi.

Jumamosi ya kufundisha, saa mbili asubuhi, aliufungua ukurasa. Sentensi zilizokatwa, mishale, maswali ya wiki tatu, fujo tupu. Alichohitaji alikuwa ameshakinakili kwenye daftari lake la vipimo. Akidhani wenzake nao wameshanakili chao, akafagia. Akafuta yote.

Ujumbe ukafuata ujumbe.

"Jamani, ripoti iko wapi?" Huyo nesi.

"Mbona kweupe?" Huyo fundi umeme.

Akabonyeza kitufe cha kipaza sauti, ambacho hakuwahi kukigusa.

"Wanangu, ni mimi. Nimefagia."

Nesi ndiye aliyejibu kwanza. "Mama Mkasi? Kumbe una sauti!"

"Sauti ninayo. Ripoti ndiyo sina."

Fundi umeme alicheka mpaka akapaliwa. "Tulia, mama. Ukurasa huu unakumbuka kila kitu, nani kaandika nini na lini. Naurudisha sasa hivi."

Ukarudi, kila mwandishi na rangi yake: nesi kijani, fundi bluu, Mama Mkasi zambarau. Na zambarau ilikuwa kila mahali.

"Hebu ngoja," nesi akasema. "Ile hesabu ya mtawanyiko niliyojisifia wiki nzima, kumbe uliirekebisha wewe?"

"Mshono ulikuwa umepinda kidogo. Nikaufumua."

"Basi imeisha hiyo. Anayefundisha leo ni wewe, si mimi."

"Mimi? Nitawaangusha!"

"Umeshatufuta, mama. Kuanguka ni kitu gani?"

Saa nne, mbele ya watu sitini asiowaona, aliinua daftari la vipimo kwenye kamera. "Madarasa mawili ya shule, wastani wa kiuno ni ule ule, inchi ishirini na nne. Darasa hili, wote wako kati ya ishirini na tatu na ishirini na tano. Lile, kuna wa kumi na tisa na kuna wa thelathini. Nikishona kwa wastani peke yake, huyu suruali inamvuka, yule haipiti mapajani. Mtawanyiko ndio unaokuonya mapema kwamba kuna watakaoaibika."

Vicheko vikafunguka kutoka kila upande. Maswali yakamiminika, naye akayajibu moja moja, sauti ikizidi kunyooka. Mwishoni mhadhiri alisema, "Mmefaulu," kisha akaomba picha ya ule ukurasa wa daftari.

Hakuacha chuo. Muhula uliofuata, kikundi kilekile kilifungua ukurasa mpya. Mstari wa kwanza ulikuwa wa zambarau: "Wanangu, meza hii haifagiliwi mpaka tuulizane."

Chini yake, kwa bluu: "Na ufagio akae nao nesi."