Makohozi ya Bibi Harusi

Kazi yangu katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab ilikuwa kuwaomba watu makohozi kabla hawajapangusa vumbi la safari. Sikuizoea kamwe. Mtu amekimbia roho ikiwa mkononi, hajapata hata maji ya kunawa uso, na mimi, muuguzi niliyetumwa kutoka bara, namkabidhi kikopo: kohoa, tema humu. Hasira zangu ziko karibu, na mwaka ule nilimfokea kila mtu, hata mbuzi waliokuja kutafuna maboksi yetu ya glavu.

Asubuhi moja alifika mama mjane na binti yake. Binti alikuwa akikohoa. Kwenye benchi hiyo hiyo alikaa mjomba wa mchumba wake, waliyesafiri naye, na kila binti alipokohoa mzee yule aligeuza shingo. Mkalimani wangu, dada aliyezaliwa kambini, ambaye ulimi wake wa Kisomali uligeuza p, v na z kuwa b, f na s, alininong'oneza: "Sister, ikikuwa kifua kikuu hakuna harusi. Huyo msee atafunja leo leo."

Binti alikataa kutema mbele ya wanaume, nami sikumlaumu. Wakaenda nyuma ya hema, mama akatandaza jilbabu yake pana iwe pazia, binti akajisitiri humo. Kikopo kilirudi na makohozi mazito. Nilifurahi, maana wengi hutuletea mate matupu.

Majibu yalitoka mchana: kifua kikuu. Niliwaita kando nikamwambia binti kwamba atahamia hema la kutengwa, aanze dawa.

Mama alinishika mkono akasema mengi kwa haraka. Mkalimani akasema, "Anasema hayo makohosi ni yake. Alitema yeye, kwa sababu alijua yeye ni msima. Anasema bima yeye, na bima msichana tena."

Nilifoka. Nilisema mficha maradhi kifo humuumbua, na nikamwamuru mkalimani atafsiri. Alikuwa na busara kunizidi, akakataa.

Tulirudia, safari hii mimi mwenyewe nikiwa ndani ya jilbabu nikitazama. Majibu yalipokuja, mama alikuwa na kifua kikuu, binti hana. Kikohozi chake kilikuwa cha mafua na vumbi tu. Nilimkalisha mama nikamweleza kwamba ugonjwa umeanza kumla mapafu. Akainua mikono juu akalia kwa furaha.

"Alhamdulillahi," alisema. "Ni mimi. Alhamdulillahi."

Nimewapa watu habari mbaya nyingi maishani, na hakuna mwingine aliyenishukuru. Nilimwonea uchungu mpaka nikashindwa kuendelea na maelezo ya dawa.

Aliniomba nikamwambie mzee mwenyewe, kwa kuwa neno la daktari lina uzito, kwamba binti ni mzima. Nilikwenda na mkalimani. Mzee alitusikiliza kwa adabu, akaniombea hata dua. Kisha akauliza, basi mgonjwa ni nani? Nilimwambia hiyo ni siri ya mgonjwa. Lakini hema la kutengwa lilikuwa mbele yetu, na wakati huo huo mama alikuwa akiingia humo na mkeka wake, uso umechangamka kama wa mtu aliyealikwa.

Mzee alimtazama mpaka alipotoweka ndani. Hakukasirika. Aliongea polepole, na mkalimani akanitafsiria akiwa ameangalia chini.

"Anauliza, huyu msichana alinyonya siwa la nani?"