Toleo la Pili Limekataliwa Mchikichini

Leo nimenyamazishwa na muuza viatu, na mnajua kuninyamazisha si kazi ndogo.

Asubuhi, ofisini kwetu Mchafukoge, niligombana na Zuhura, mwenzangu katika kutengeneza programu ya simu ya kuhesabu mali ya stoo. Yeye anataka kila toleo liitwe kwa tarehe lilipotoka.

Nikagonga meza: namba! Moja, mbili, tatu, kama watu wenye akili!

Nikashinda. Kwa sauti, lakini nikashinda.

Mchana tukampelekea Mama Neema, mteja wetu muuza viatu, toleo jipya pale Mchikichini. La zamani linachanganya saizi za viatu, na alishatuonya: likimkosesha mteja mwingine, anarudi kwenye daftari na sisi tusirudi.

Akasoma simu. "Toleo la pili?"

"Ndiyo, mama."

"Baba'ngu, hapa viatu vya daraja la pili ndivyo vyenye kasoro. Leo unaniletea kasoro na tai umevaa?"

Nikaanza kumhutubia. Akachukua daftari.

Zuhura akafuta namba, akaandika tarehe ya leo.

"Ee, hiyo ni mpya. Weka."

Njiani Zuhura akauliza taratibu, "Kaka, tubadilishe namba hii tu, au zote?"

Zote, nikasema.

Haya, wabishi wenzangu, nichekeni.