Sikuwa na wa Kuniuguza Kasongo

Ndugu zangu mnaonisikiliza, na wewe uliyelala kitandani sasa hivi, naitwa Neema. Kwetu ni Mpanda, Tanzania. Mimi ni mkunga, na nilikwenda Kongo kujitolea katika zahanati ndogo ya Lusangi.

Nilidhani kwa vile nao wanasema Kiswahili sitajiona mgeni. Lakini upweke hauangalii lugha. Mchana nilizalisha akina mama. Jioni nilibaki na redio yangu na kikombe cha mchaichai. Sauti ya mama niliipata kilimani tu, ambako simu ilishika mtandao. Faraja zangu zilikuwa hizo.

Ugonjwa ulianza na kichwa. Nikasema ni malaria, nikameza dawa, nikaendelea na kazi. Homa haikushuka. Tumbo likajaa, likakaza kama ngoma, kisha nikaanza kuharisha damu. Mwendesha pikipiki alinifunga mgongoni kwake kwa kitenge, tukaenda hospitali ya mji wa Kasongo. Njiani nilijichafua, naye akazidi kuendesha.

Daktari alinibonyeza tumbo, nikapiga kelele.

"Ni tifoidi," alisema. "Utumbo iko karibu kutoboka. Mutu wa kukuchunga iko wapi?"

"Sina mtu."

Pale hospitali haipiki wala haifui. Kila mgonjwa ana ndugu yake kwenye mkeka, kando ya kitanda. Kando ya changu kulikuwa na viatu vyangu tu. Nililala kwenye uchafu wangu, nikageukia ukutani, nikalia bila sauti. Sikuogopa kufa kama nilivyoogopa kufa mahali ambapo hakuna anayemjua mama yangu.

Kwenye kitanda cha pili alilala mzee mwenye ugonjwa wa ini. Mkewe, Mama Safi, muuza mchele sokoni, ndiye aliyemuuguza. Alinijia na beseni la maji ya moto.

"Acha, mama. Nanuka."

"Humu wote tunanuka. Geuka."

Akaniosha, akanipaka mafuta ya mawese miguuni. "Mama yako anaitwa nani?"

"Yustina."

"Basi, Yustina haiko, miye niko."

Akawa ananinywesha uji mwepesi wa mchele, kijiko kwa kijiko. Homa ikaanza kushuka. Lakini asubuhi moja mumewe akafariki. Ndugu walikuja kumchukua, ili wakamzike kwao Kabambare. Mama Safi, macho yamevimba, alinisogezea kikombe cha uji kwanza, ndipo akawafuata. Niliunywa peke yangu, nikitazama kitanda kitupu.

Nilipona, na utumbo haukutoboka. Namshukuru Mungu. Ndugu, homa isiyoshuka usiibahatishe, nenda ukapimwe. Chemsha maji ya kunywa. Na ukiwa huna mtu, sema huna, usikike.

Mama Safi aliporudi Kasongo nilikwenda kumpa pole. Alinipa ungo, nikakaa karibu yake, tukapepeta mchele mpaka jua likazama.