Maji ya Maganda

Kwa miaka kumi na tisa Mutegi aliendesha mashine ya kumenya kahawa katika faktari moja chini ya Kibugu, pale majani chai yanapokwisha na mibuni inapoanza. Hakuhitaji kipimo. Alichota maganda yaliyotoka mdomoni mwa mashine, akayafumbata na kuyaminya. Akihisi punje imepita nayo, alikaza diski kidogo.

"Mashine ina meno," aliwaambia wakulima, "ulimi ni mimi."

Maganda yale mekundu, laini, aliyajua tangu utotoni. Yeye na dada yake Wambeti waliyanyonya utamu mpaka midomo ikanata. Wambeti alipoolewa Mbeere, upande wa Gachoka, huko chini mto uleule unakopita, Mutegi alimpelekea magunia mawili ya maganda yaliyooza vizuri kila mwaka, mbolea ya kunde zake. Mkewe Cicily aliyatandaza chini ya migomba. Meneja wa faktari, kwake yalikuwa uchafu tu.

Oktoba ya 1996 mvua ilichelewa, lakini kahawa haikungoja. Shimo moja la maganda lilikuwa limebomoka ukingo, la pili limejaa pomoni. Foleni ya wakulima ilifika barabarani, na kahawa isiyomenywa siku hiyo ingeharibika.

"Fungua mfereji wa mtoni," akasema meneja.

"Mto ni mwembamba, Meneja."

"Si maji bado yanaenda? Ama wewe ndiye utawaambia hawa warudi na magunia yao?"

Mutegi alitazama foleni. Cicily alikuwa humo, ameketi juu ya gunia lake. Akaenda akafungua. Maganda na maji yake yakashuka mtoni siku tatu.

Wiki iliyofuata Wambeti alikuja na chupa ya soda iliyojaa maji ya rangi ya kahawia. Alipofungua kizibo, harufu ilijaa nyumba kabla salamu hazijaisha.

"Haya ndiyo tunakunywa," alisema. "Mbuzi wanayanusa, wanarudi nyuma. Mama mkwe ameoga nayo, amejikuna hadi damu. Sasa tunatembea saa mbili kwenda kisimani, saa mbili kurudi."

"Faktari ziko nyingi huku juu," akasema Mutegi.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe ni mtu wa ndani. Tuulizie ni nani alifanya hivi, mwana wa mama."

Cicily aliacha kumenya viazi, akamtazama mumewe. Alijua. Maneno yenyewe yalikuwa matatu tu: mimi ndiye niliyefungua. Mutegi aliyasikia yakimpanda kooni. Akayameza.

"Nitauliza," akasema.

Wambeti akashukuru, akala, akarudi kwao na moyo mwepesi. Huko aliwaambia majirani kwamba wana mtetezi. Baada ya wiki mbili walikuja faktari watu saba, wakiongozwa na Mzee Mbaka, na Wambeti pembeni yake akiwa na kibuyu cha asali.

"Hatukuja kwa ugomvi," Mzee Mbaka alimwambia meneja. "Tuna mtu wetu hapa, Mutegi. Amekuwa akitutafutia aliyefungulia uchafu ule."

Meneja aliangua kicheko. "Mutegi? Amejitafuta wiki mbili nzima na hajajipata?"

Hata wakulima waliokuwa kwenye mizani walicheka. Mutegi angeweza kusema aliamriwa, na ingekuwa kweli. Lakini macho ya dada yake hayakuwa yakiuliza habari za amri.

"Siku ile nilipokuja kwako," akasema Wambeti, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Wambeti aliweka kibuyu juu ya benchi. "Hii ni ya Cicily," akasema, akawafuata wenzake.

Kamati ya faktari iliamua shimo jipya lichimbwe, na Mutegi alichimba zaidi ya vibarua, hata siku alizostahili kupumzika. Alishuka Gachoka mara mbili kwenda kueleza. Mara zote alipikiwa vizuri, wakaongea habari za mvua na watoto. Kila alipotaka kuanza, Wambeti alikumbuka kitu shambani.

Mwaka wa 1999 Ruguru, binti wa Wambeti, akaposwa. Siku ya mazungumzo ya mahari mjomba huitwa, na Mutegi aliitwa. Alivaa koti lake la kanisani. Njia nzima alipanga maneno: angemsifu Ruguru kwanza, halafu, mbele ya wote, angemwomba mama yake msamaha. Aliamini hapo Wambeti hangeweza kuinuka aende shambani.

Wageni walipoketi, mzee wa upande wa bwana harusi akauliza, "Kwa upande wa mama, ni nani atasema?"

Mutegi alikuwa tayari amesimama nusu.

"Nyamu," akasema Wambeti, akimwonyesha binamu yao aliyekaa karibu na mlango. "Huyu husema kitu kama kilivyo."

Hakuinua sauti, na hakumtazama kaka yake. Mutegi aliketi polepole, akajifanya anarekebisha kiti. Nyamu alisema, akasema vizuri, watu wakacheka na kukubaliana. Chakula kilipoandaliwa, Wambeti mwenyewe alimletea Mutegi nyama ya mjomba, sehemu yake kamili, haikupungua hata kipande.

"Karibu, Bwana Mutegi," akamwambia.

Akala. Ilikuwa nyama laini, imeiva vizuri, naye aliitafuna muda mrefu.